Maswali ya wasomaji: "Mama alikuwa na gripe tu, sasa mkono haunyanyuki"

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikishaingia Lubumbashi barua zote zinakuwa za kikohozi, kila mwaka ni vile. Asubuhi mapema mbabula, jiko la makaa, inawashwa uani, vumbi la kiangazi liko kila mahali, nyumba nzima inapiga chafya. Lakini safari hii kati ya barua za mafua, yaani gripe na rime, kuna kadhaa zenye neno lile lingine, AVC, yaani kiharusi, na moja ilinikalisha usiku. Naanza nayo na nimeijibu kwa urefu, zingine nimezijibu kadiri swali lenyewe lilivyotaka.

Mama Dokta, jambo. Mimi ni msomaji wenu wa Katuba. Mama yangu iko na miaka 61, tansio (shinikizo la damu) iko nayo tangu zamani lakini alikuwa anatembea vizuri, anauza samaki wakavu sokoni. Mwanzo wa mwezi wa saba alipata gripe ya nguvu, kikohozi, joto mwilini, kichwa kinamuuma sana, sisi tukaona ni baridi tu maana kila mtu ndani ya nyumba alikuwa nayo hata watoto. Siku ya nne asubuhi nikamupa chai, anashika kikombe kinaanguka, nikasema mama angalia utajichoma, anajibu maneno hayaeleweki na mdomo umeenda upande mmoja. Tulipoteza karibu masaa sita, kwanza tulimupeleka chumba cha maombi ndipo hospitali. Kule wakasema ni AVC. Nauliza, gripe inaweza kuleta AVC kweli, ao ni vile wanasema kwa familia kwamba kuna mtu alimufanyia? Maana shangazi anamutaja jirani yetu, na mimi na huyo jirani tunachota maji pamoja kila siku.

Mwanangu, pole sana. Jirani yenu hana kosa. Naanza na hilo sababu shangazi akishataja jina la mtu mbele ya familia, jina hilo halirudi tena mdomoni, na wewe kesho bado utakutana na huyo mama kwenye bomba. Mkono wa mama yako haukufungwa na mtu. Ni sehemu moja ya ubongo wake ilikosa damu, au damu ilimwagika ndani ya ubongo wenyewe, na skaneri, mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, ndiyo inaweza kusema ni ipi kati ya hizo mbili, kwa macho tu hata dokta mzuri anaweza kukosea.

Sasa swali lako. Ndiyo, gripe inaweza kusogeza AVC karibu. Sio kwa kila mtu, wewe na watoto mlikuwa na gripe ile ile na mmepona, lakini kwa mtu wa miaka 61 mwenye tansio ya siku nyingi, kwamba imetokea siku ya nne mimi hainishangazi hata kidogo.

Watafiti wameifuatilia habari hii miaka mingi. Mwaka 2004 wale wa Uingereza walitoa kazi yao kwenye jarida la New England Journal of Medicine, walichukua mafaili ya maelfu ya watu waliopata AVC au shambulio la moyo, wakamlinganisha kila mtu na yeye mwenyewe, yaani siku zake za ugonjwa wa kifua wakaziweka pembeni ya siku zake za uzima, na hiyo ni njia nzuri sababu mtu ni yule yule, tansio yake ni ile ile, chakula chake ni kile kile. Waliona kwamba siku 3 za kwanza baada ya mtu kuugua njia ya hewa hatari ya kupata AVC ya kwanza inapanda zaidi ya mara 3, ya shambulio la moyo karibu mara 5, halafu inashuka polepole wiki baada ya wiki. Mwaka 2018 ikatoka kazi nyingine ya Scotland, hawa waliangalia wagonjwa ambao maabara yenyewe ilithibitisha kwamba ni virusi vya influenza, na kwa siku 3 za kwanza hatari ya AVC ilikuwa karibu mara 8. Usiogope hesabu hizo ukafikiri kila anayepiga chafya anapooza, hapana, hatari ya mtu kupata AVC siku yoyote ile ni ndogo sana na hata ukiizidisha mara 3 bado ni ndogo. Ila kwa aliye na tansio, sukari, moyo mgonjwa au umri mkubwa, hatari yake haikuwa ndogo tangu mwanzo, na hapo ndipo kuizidisha kunauma.

Inafanyikaje? Virusi vikishaingia puani na kooni mwili unapandisha joto na unamwaga kwenye damu vitu vya kupigana navyo, na vitu hivyo hivyo vinaifanya damu iwe na haraka ya kuganda. Halafu ndani ya mishipa ya shingo ya mtu mzima kuna mafuta yaliyojibandika miaka na miaka, kama ule ukoko wa bukari, yaani ugali, unaobaki pembeni ya sufuria, yamekaa pale kimya hayamsumbui mtu, sasa mwili ukiwa kwenye vita hiyo ule ukoko unaweza kudhoofika ukapasuka, damu inaganda juu yake, kipande kinakatika kinapanda na damu mpaka kwenye mshipa mdogo wa kichwani na pale kinaziba. Kwa wengine ni moyo, unakimbia sana wakati wa homa au unaanza kupiga bila mpangilio, damu inatuama ndani ya moyo na kuganda humo. Ongeza na maji, mtu wa gripe hanywi, anatoka jasho, mdomo mchungu, damu inakuwa nzito.

Na juu ya yote iko tansio. Hapa nataka unisikilize vizuri. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilitoa utafiti uliofanyika Nigeria na Ghana kwa wagonjwa zaidi ya 2000 wa AVC, na hesabu yao ilionyesha kwamba karibu AVC 9 katika 10 zinafungamana na tansio. Hao sio watu wa Ulaya, ni Waafrika kama sisi. Gripe ilimsukuma mama yako, lakini ilimkuta tayari amesimama ukingoni.

Ngoja nikueleze kitu nilichokiona mwenyewe. Niliwahi kuletewa mama wa soko kama wako, naye AVC ilimkuta katikati ya gripe. Binti yake akanipa kile kimfuko cheusi cha plastiki ambamo mama alikuwa anaweka dawa zake, nikatoa plaketi ya komprime (vidonge) za tansio, nikaanza kuhesabu vitundu. Tisa vimetobolewa, moja kila siku, kwa mpangilio, mtu mwenye adabu na dawa zake. Halafu tano hazijaguswa, bado zinang'aa. Nikamuuliza binti gripe ilianza lini, akasema siku tano. Mama alikuwa amesema mdomo wake mchungu na tena anaogopa kuchanganya dawa ya tansio na dawa ya gripe, akaona bora amalize kwanza ya gripe. Akaacha ile iliyokuwa inamlinda, siku zile zile alizoihitaji kuliko siku zote za mwaka. Mpaka leo nikimpokea mgonjwa wa tansio mwenye kikohozi swali langu la kwanza sio kikohozi, ni "komprime yako ya leo umekunywa?" Na wewe nenda kaangalie plaketi ya mama, sio kwa kumlaumu, ni kwa sababu atahitaji kuendelea nazo na dokta wake lazima ajue alikuwa anazikunywa vipi.

Kuhusu yale masaa sita. Sikuandikii ili ujichome moyo. Kama AVC ni ya mshipa kuziba kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda lakini inatakiwa iingie ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili ilipoanza, na kwanza skaneri ithibitishe hakuna damu iliyomwagika. Dawa hiyo haipatikani kila hospitali, najua. Ila hata bila hiyo, kuwahi kunasaidia, watamshushia tansio kwa utaratibu, watapima sukari, watampa oksijeni kama imepungua, wataangalia kama anameza vizuri. Kila dakika mshipa mkubwa ukiwa umeziba ubongo unapoteza seli karibu milioni 2. Mimi ni mtu wa sala na sitakuambia uache kusali, lakini sala inafanyika hata ndani ya taksi, mchungaji akipenda apande naye, mkisali huku gari linaelekea hospitali hakuna kilichopungua.

Na kwa wengine wote mnaosoma, dalili ni hizi: mdomo umeenda upande mmoja, mkono au mguu mmoja umelegea ghafla, maneno yanavurugika au hayatoki. Moja tu inatosha kuondoka. Angalia saa, kumbuka dalili ilianza saa ngapi, maana hilo ndilo la kwanza hospitali watauliza. Usimpe maji, wala uji, wala dawa yoyote mdomoni, anaweza kuvuta ikaingia mapafuni. Aspirini pia usimpe, kama ni damu iliyomwagika utaizidisha. Wala msimchanje chale kwenye mkono uliolegea, ugonjwa hauko mkononi.

Dokta habari. Mimi ni dereva wa taksi, commune Kenya hapa Lubumbashi, miaka 43. Tansio yangu walipima ikawa 17/10 (yaani 170 kwa 100) lakini sijisikii mgonjwa. Nikipata rime naenda farmasi wananichanganyia komprime tatu nne kwa karatasi, jioni niko sawa narudi kazini. Kuna rafiki aliniambia hizo dawa zinaua watu wa tansio. Ni kweli?

Kaka, rafiki huyo mshike vizuri. Hajakosea sana.

Zile dawa za kufungua pua, kama pseudoefedrini na fenilefrini, zinafungua kwa kubana mishipa ya damu, ndiyo kazi yake, sasa hazibani ya puani peke yake, zinabana ya mwili mzima na tansio inapanda. Kulikuwa na ndugu yao mmoja, fenilpropanolamini, ilikuwa ndani ya dawa nyingi za mafua, Marekani waliomba iondolewe sokoni mwaka 2000 baada ya kuona inafungamana na AVC ya damu kumwagika, hasa kwa akina mama. Halafu kwenye hiyo karatasi yako sitashangaa nikikuta diklofenaki au ibuprofeni, dawa za maumivu, hizo nazo zinapandisha tansio na zinagombana na dawa za tansio zenyewe, na mara nyingi naona na deksametazoni, ile komprime ndogo watu wanaipenda sababu inaleta nguvu haraka na hamu ya kula, lakini inapandisha tansio na sukari. Antibiotiki nayo haiui virusi vya gripe, unapoteza pesa.

Kwa mtu wa 17/10, rime ni parasetamoli kwa kipimo chake, maji mengi, chai ya moto, maji ya chumvi puani, na kupumzika hata siku mbili. Najua siku mbili bila taksi ni vereseme (pesa ya kila siku) kwa patroni mwenye gari na chakula cha watoto, sikuambii kwa urahisi. Lakini wewe una jambo kubwa zaidi ya rime. Tansio haingoji mtu ajisikie mgonjwa. Kuanzia 14/9 ikipimwa siku tofauti na inabaki pale tayari inahitaji kufuatiliwa, wewe uko 17 na huna dawa hata moja. Wiki hii nenda kituo cha afya wakupime tena. Barua yako yote umeniuliza habari ya pua, mimi nina wasiwasi na kichwa chako.

Na kwa kuwa ni msimu wa baridi: kama asubuhi nyumba nzima mnaamka na kichwa kizito, kizunguzungu na kutapika, msiseme ni gripe, angalieni kama mlilala na mbabula ndani. Moshi wa makaa ambao hauonekani unaua, na mtu aliyevuta anaweza kuongea ovyo na kulegea mpaka mkafikiri ni AVC.

Mama Dokta, mwanangu ana miaka 7 ni SS (ugonjwa wa selimundu), tuko Ruashi. Kila baridi anakohoa. Walinitisha kwamba mtoto wa SS anaweza kupata AVC, mimi nilifikiri AVC ni ya wazee.

Mama, hawakukutisha bure na ni vizuri walikuambia. Kwa mtoto wa SS chembe za damu zinapinda zinakuwa ngumu, zinashikamana kwenye mishipa, hata ile ya kichwa. Marekani walipofuatilia wagonjwa wa SS zamani, kabla ya kuanza kuwapima mishipa ya kichwa, karibu 11 katika 100 walikuwa wamepata AVC kabla ya kufika miaka 20. Na ugonjwa wa kifua ndio unawasha moto, homa inakausha maji, oksijeni inapungua, damu inashuka, na vyote vitatu vinafanya chembe zipinde zaidi. Nchi yetu, Kongo, ni moja ya zile tatu zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na SS duniani, pamoja na Nigeria na India, kwa hiyo hauko peke yako hata kwenye avenue yako.

Mtoto wako akikohoa na ana joto la 38,5 au zaidi, au kifua kinamuuma, au anapumua haraka, usingoje kesho, ni siku ile ile. Mnyweshe maji kila mara, usiku mfunike vizuri. Uliza dokta wake kuhusu hidroksiurea, dawa ya SS, na kama kuna mahali wanaweza kumpima mishipa ya kichwa kwa dopla, ni kipimo kisichouma, kinaonyesha nani yuko hatarini kabla AVC haijafika. Chanjo zake angalia kwenye kadi, ya pneumokoki, bakteria wa nimonia, imo kwenye chanjo za watoto wetu tangu 2011, kama alirukwa waambie. Hata kwa watoto wasio na SS utafiti wa kimataifa uliotoka 2015 ulionyesha kwamba ugonjwa wa kuambukiza wiki moja kabla unapandisha hatari ya AVC zaidi ya mara 6, na wale wenye chanjo chache ndio walikuwa hatarini zaidi.

Na kama akianza kuchechemea ghafla au anaacha kutumia mkono mmoja akicheza, usifikiri ameanguka. Mbebe uende.

Nilipata Korona 2021, nilipona. Niko na miaka 29. Bado niogope AVC?

Mdogo wangu, hapana, sio kwa sababu ya ile Korona. Korona ilikuwa mbaya kuliko gripe kwa habari hii, hospitali mbili za New York mwaka 2020 ziliona AVC kwa 1,6 katika kila wagonjwa 100 wa Korona waliofika kwao, wa influenza ilikuwa 0,2. Lakini hatari inakaa kwenye wiki za kwanza, ndivyo ilivyoonekana pia Uswidi. Miaka imepita. Pima tansio yako mara moja kwa mwaka, hata kijana.

Chanjo ya gripe si ndiyo inaleta hizo AVC?

Hapana. Ule utafiti wa Uingereza niliotaja juu uliangalia na hilo, baada ya chanjo hatari haikupanda. Kwetu chanjo ya gripe haimo kwenye zile za kawaida, ila mtu wa moyo au sukari anaweza kumuuliza dokta wake kama inapatikana.

Dokta, mke wangu alipata AVC miezi miwili imepita, tuko Kampemba. Mguu unarudi polepole, Mungu anasaidia. Lakini sasa akinywa maji anakohoa, sauti inakuwa kama iko na maji ndani, na juzi alipata joto. Watu wanasema ni baridi. Mimi nafanya kila kitu mwenyewe, kumuogesha na kumlisha, sijui kama ninakosea.

Baba, haukosei, na mke wako ana bahati ya mtu anayesikiliza mpaka sauti yake. Hiyo sauti yenye maji uliyoisikia ndiyo jibu.

Wengine wote waliandika kuhusu kikohozi kinacholeta AVC, kwenu ni kinyume, AVC ndiyo inaleta ugonjwa wa kifua. Koo lake halifungi vizuri wakati wa kumeza, kwa hiyo maji na chakula kidogo kinapita njia ya hewa kinaingia mapafuni, kinaoza kule. Ni moja ya mambo yanayoua sana watu waliokwisha kuponea AVC, na kwa nje inafanana kabisa na gripe. Kwa kuwa tayari amepata joto, mpeleke leo wamsikilize kifua, asingoje.

Kisha nyumbani, kumlisha ni akiwa ameketi wima kabisa, sio kuegemea mto, na baada ya chakula akae vile vile nusu saa. Maji matupu ndiyo magumu kwake kuliko vyote sababu yanakimbia, uji mzito kidogo unapita vizuri zaidi, bukari iwe laini na sombe (majani ya muhogo) iliyopondwa vizuri, isiwe na mifupa ya samaki. Msafishe mdomo na meno kila asubuhi na kila baada ya kula, hata kama amekula kidogo, wadudu wa mdomoni ndio wanaoshuka mapafuni. Chakula weka upande wa mdomo ulio mzima. Tumia kijiko kidogo cha chai, usijaze, mwambie ainamishe kidevu kidogo kuelekea kifua anapomeza, angalia koo lipande na lishuke, mwambie aseme "aaa", ukisikia sauti ni kavu ndipo uweke kingine.